Mwaka Nilipompumzisha Bibi Nyamizi

Mwezi uliopita tulimzika Mjomba Shabani, na siku ya tatu, baada ya hitima, nilishukuriwa tena kwa jambo nililolifanya nikiwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimeketi mkekani pamoja na wanawake wenzangu, katika sebule ya nyumba ile ile ya mtaa wa Cheyo nilimolifanya, sinia la pilau katikati yetu, pale Dada Tatu, mdogo wake marehemu, ambaye tangu zamani nimemwita dada, aliponinyooshea kidole kutoka kwenye kochi alikokalishwa. "Mnamwona huyu Sauda?" akawaambia wageni. "Huyu ndiye aliyemtunza mama yetu mwaka wake wa mwisho. Mama hakunyanyua hata kijiko." Wanawake wakasema mashallah, mmoja akanipapasa mgongoni. Nimeshukuriwa hivyo kwenye harusi na kwenye misiba kwa karibu miaka hamsini, na kila mara huinamisha kichwa, watu wakadhani ni haya. Si haya. Mimi ndiye niliyemmaliza mama yao, tena kwa adabu, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilifikaje katika nyumba ile si habari ya leo. Kila ukoo una msichana wake aliyepelekwa kwa jamaa mjini. Nilifika na mvua za kwanza, nikiwa na hamu moja tu, kujifunza cherehani. Nyumba ilikuwa na ushoroba katikati na vyumba vitatu kila upande, nami nilipewa kulala na Bibi Nyamizi, mama yake Mjomba Shabani, katika chumba cha mwisho karibu na ua. Chumba kilinukia karanga. Chini ya kitanda chake cha kamba kulikuwa na debe la mbegu, nyuma ya mlango jembe lenye mpini uliong'aa kwa kushikwa, na ukutani msumari mmoja wenye kanga mbili, ya nyumbani na ya kutokea. Umri wake hakuujua; wanawe walikisia amepita sabini. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alfajiri akishasali alinigusa mguu: "Sauda, jua halimngoji mtu." Tukashika njia ya Kwihara kwenda shambani kwake, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu yangu ya usichana, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimchelewesha.

Njia ile ndiyo waliyopita wapagazi zamani, na baba yake alikuwa mmoja wao. "Baba kaenda pwani mara nne na kurudi, kwa miguu," aliniambia, akipiga paja lake. "Alikuwa akisema mzigo hauui mtu. Kinachoua ni kituo kirefu. Ukikaa kambini siku nyingi, siku ya kuondoka miguu inakataa." Nilicheka, maana yangu mimi ilikuwa inakataa kila siku. Shambani alimaliza kupalilia mistari miwili nami sijafika mwisho wa mmoja, akiwasalimu wapita njia "Mwangaluka!" bila kuinua mgongo. Tulikula matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, pamoja na karanga za kukaanga alizozifunga kwenye pindo la kanga. Mvua ilipokolea tukawa tunaokota uyoga tukirudi, na jioni aliupika mwenyewe kwa karanga, akasonga na ugali mwenyewe, akala kuliko mimi. Usiku alilala fofofo. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha kama ile ya miezi mitatu ya kwanza, na ndiyo maana sipendi kuikumbuka.

Mambo yaliharibikia msikitini. Ijumaa moja Mjomba Shabani alirudi kula chakula cha mchana uso umemshuka, nami nikiwa nakuna nazi nyuma ya pazia nikamsikia akimwambia mkewe, "Leo wametoka watu kwenye sala, mzee mmoja kaniuliza mbele ya wote: Shabani, duka lote lile, mama yako bado anakula jasho lake? Nilitamani ardhi ipasuke inimeze." Mkewe akasema, "Si nilikwambia? Hata majirani wanasema tunamtesa." Naomba nieleweke: Mjomba Shabani hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake. Hapa kwetu mzee anayeonekana na jembe begani ni tangazo kwamba watoto wake hawana maana, na mtu anaweza kuvumilia kuitwa maskini kuliko kuitwa mtoto asiye na fadhila. Jumatatu akamletea mama yake kiti kikubwa cha mninga chenye mito miwili, alichokiagiza kwa fundi, akakiweka barazani ambako kila mpita njia angekiona.

"Mama, umefanya kazi vya kutosha," akamwambia. "Sasa pumzika."

"Mimi si mgonjwa, Shabani."

"Hakuna aliyesema unaumwa. Nimesema upumzike."

"Nipumzike na nini?" Bibi aliuliza hivyo akimtazama kweli kweli, maana alitaka jibu. Mwanawe akacheka, wageni waliokuwepo wakacheka, nami nikacheka. Baadaye Mjomba akaniita pembeni, akaniambia kazi yangu sasa ni moja, kumtunza mama asiguse kitu. Nikimtunza vizuri, mwaka ukiisha atanipeleka kwa fundi, na ninunuliwe cherehani yangu. Nilimwitikia "Ndiyo, Mjomba" kabla hajamaliza.

Wiki kadhaa za mwanzo tulimdanganya Mjomba, Bibi na mimi. Mjomba akishakwenda dukani, na mkewe akienda sokoni, Bibi alitokea mlango wa uani na jembe lake limefungwa ndani ya kanga, nami nikibaki kuosha vyombo na kumwekea uongo tayari: amekwenda kumjulia hali jirani. Alirudi kabla ya adhuhuri, miguu ina vumbi, uso umechangamka, nami nikammwagia maji ya kunawa haraka haraka. Halafu siku moja Mjomba alirudi mapema, akasimama mbele ya kiti kitupu. "Mama yuko wapi?" Uongo ulikuwa mdomoni, tayari. Lakini nilifikiria cherehani, nikafikiria kurudishwa kijijini, nikasema, "Kaenda Kwihara." Hakunipiga wala kunikemea. Alisema, "Umefanya vizuri kuniambia," na moyo wangu ukajaa furaha. Sifa ni tamu, na mimi sikuwa nimezionja nyingi.

Walimfuata kwa baiskeli. Alirudishwa amekalishwa kwenye keria nyuma, miguu inaning'inia upande mmoja, jembe kalishika mtu mwingine, na watoto wa mtaa wakikimbia pembeni. Niliogopa atanitukana. Jioni nilipompelekea chakula, alikula, akasema, "Ahsante, Sauda." Ni hivyo tu. Jembe likafungiwa stoo, shamba akapewa mtu wa Kwihara alime.

Toka siku hiyo nikawa hodari. Nilimletea maji ya kutawadha, nikamnawisha miguu, nikamkatia nyama vipande vidogo. Akitaka kusimama nilikuwa nimeshafika, mkono wangu kwapani mwake. "Niache nijaribu," alikuwa akisema, nami nikimjibu, "Bibi, utaanguka, watanisema mimi." Wageni walikaa naye barazani wakinitazama ninavyokwenda na kurudi. "Huyu binti ana malezi," walisema, na nilikuwa nikipunguza mwendo mlangoni ili nisikie mwisho wa maneno. Siku moja Bibi aliomba ungo wa karanga azimenye, apate la kufanya na mikono. Nilimpa. Kisha wakaja wageni, nikaona aibu wasije wakadhani tunamtumikisha, nikauchukua ungo kutoka mapajani mwake. Vidole vyake vikabaki vinatembea juu ya kanga kwa muda. La kwenda Kwihara ningeweza kumsingizia Mjomba, lakini hilo la karanga halikuamriwa na mtu yeyote.

Kiangazi kilipofika alikuwa amekuwa mtu mwingine. Kwanza alihitaji mkono mmoja kusimama, kisha mikono miwili, kisha akawa hataki kusimama. Chakula kilimshinda. Usingizi ulimhama, mchana akawa anasinzia na usiku amekodoa macho. Aliyekuwa akiwaitikia watu wa njia nzima kwa majina akaanza kuniita Tatu. Kila mtu alisema ni uzee. "Uzee umemwingia," walisema, wakatikisa vichwa, nami nikaongeza bidii ya kumhudumia, yaani nikazidi kummaliza. Mchana mmoja nilikuwa uani naanua nguo. Alijaribu kutoka kitandani peke yake, sijui alikuwa anataka kwenda wapi, akaanguka hatua mbili kutoka mlangoni. Nyonga ikavunjika. Alilala chali wiki nyingi, akafa kabla mvua za mwaka wa pili hazijanyesha. Kwenye mazishi mzee aliyeongea kwa niaba ya ukoo alinitaja kwa jina na kuniombea pepo. Kabla ya arobaini, Mjomba alinipeleka kwa fundi, na akanunua cherehani kama alivyoahidi. Nimeolewa nayo, nimesomesha watoto wanne kwayo, na iko chumbani kwangu mpaka sasa.

Kwa miaka mingi nilikuwa na huzuni tu, bila kujua hasa ni ya nini. Niliijua mwenyewe nilipozeeka. Goti la kulia lilianza kuniuma, kazi yangu ni ya kukaa, mwili ukanenepa, presha ikapanda, na watoto wangu, Mungu awabariki, wakaanza. "Mama, acha kufagia." "Mama, usiende sokoni, tutakuletea." Nilikaribia kukubali. Nilikwenda kuonwa hospitali nikitegemea kuambiwa nipumzishe goti. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mtu mzima, sauti ya taratibu, akalikunja na kulikunjua, akaniuliza ninatembea kiasi gani kwa siku. Nikamwambia kwa fahari kwamba watoto wamenikataza. Akaweka kalamu chini. "Mama yangu," akasema, "misuli ya mtu mzima isipofanya kazi inakwisha upesi kuliko ya kijana, na kurudi inarudi polepole. Mifupa nayo hivyo hivyo. Tembea nusu saa, siku nyingi za wiki, uanze kidogo kidogo. Beba vitu vyepesi. Simama kwa mguu mmoja ukishikilia meza, usawa ndio unaokuzuia kuanguka. Itakusaidia presha, sukari, usingizi, hata kichwa kisisahau. Wanaokupumzisha wanakupenda, lakini wanakuwahisha kaburini."

Nilimshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Ningemjibu nini? Kwamba nimefiwa miaka arobaini iliyopita na nimepewa habari leo? Kila alichokitaja yule mama, Bibi Nyamizi alikuwa nacho. Alikuwa akikipata bure, njiani, na mimi nilimvua kimoja kimoja, kuanzia jembe mpaka karanga. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini hawasemi kwamba mjukuu huyo halali. Kesho yake nilianza kutembea asubuhi, kutoka kwangu hadi stesheni na kurudi. Majirani wananipa pole kwa kudhani sina nauli. Goti linauma hatua za kwanza, kisha linanyamaza. Watoto wangu nimewaambia atakayeninyang'anya ufagio sitampa radhi. Lakini kwa ukoo wa Bibi Nyamizi sikusema neno. Nilikuwa nimeula utamu wa sifa zao muda mrefu, na ni vigumu kutapika kitu ulichokila kwa furaha.

Hivyo siku ile ya hitima ningeinamisha kichwa kama kawaida, nile pilau yangu, niende zangu. Ila Rehema, binti wa Dada Tatu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu anayeishi na mama yake katika nyumba ile, akadakia: "Hata mimi mama yangu namfanyia hivyo hivyo. Maji ya kunawa namletea hapo hapo alipo. Chooni nampeleka mwenyewe, simwachi. Tangu ahamie kutoka Sikonge hajagusa hata kijiti." Mashallah zikarudi. Dada Tatu akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji kilichokuwa kwenye stuli, na kabla haujafika, Rehema akawa ameshakichukua na kumpa mdomoni. Mkono wa Dada Tatu ukabaki hewani kidogo, kisha ukarudi mapajani.

"Rehema," nikasema, "bibi yako nilimmaliza hivyo hivyo."

Mtu mmoja akaacha tonge nusu ya njia. Rehema akanigeukia. "Mama mdogo, umekuja msibani kututukana?"

"Sijakutukana. Nasema niliyoyafanya mimi. Bibi yako alikuwa anakwenda Kwihara kwa miguu na kurudi, mwenye afya. Tukamkalisha kwenye kiti. Mwaka haukuisha."

"Ulikuwa uzee!"

"Nami niliamini hivyo. Mwaka ule alizeeka kwa mikono yangu."

Mwanamke mmoja wa pembeni akasema astaghfirullah, acheni maneno hayo, marehemu bado mbichi kaburini. Nikanyanyuka niondoke, maana nilishaona nimeharibu, na nilikuwa nimefika karibu na mlango wa ushoroba wa kuelekea uani, ambako viatu vyangu vilikuwa, Dada Tatu aliponiita. Hakuwa anatabasamu tena.

"Siku ile waliyomrudisha mama kwa baiskeli," akasema, "nani aliwaambia alikuwa Kwihara? Kaka alisema alimwona mwenyewe njiani."

Mjomba alikuwa amenifichia siri miaka yote hiyo, mpaka kaingia nayo kaburini. Ningeweza kuiacha humo. "Alinisitiri," nikasema. "Ni mimi niliyemwambia. Alikuwa ameniahidi cherehani."

Rehema akataka kusema neno, mama yake akamwinulia kidole. "Mimi nimelima tumbaku Sikonge miaka arobaini, Sauda. Nimebeba kuni, nimebeba asali, nimebeba watoto. Nilisema nikija mjini nitapumzika, ni haki yangu."

"Ni haki yako, dada. Hata mimi napumzika, nikishatembea. Lakini wewe leo unapumzika baada ya nini?"

Akauliza jambo jingine, kwa sauti ya chini. "Mama alikuwa anaomba?"

"Kila siku."

"Anaomba nini?"

"Nimwache asimame mwenyewe. Nimwache afike uani. Nimwachie ungo wa karanga amenye."

"Na wewe?"

"Nikamnyima."

Dada Tatu akaweka mikono yake juu ya mikono ya kochi. Rehema akaruka kumshika, na mama yake akasema "Niache" kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Alijiinua, akashindwa, akarudi kukaa kwa kishindo, wanawake wakashika vifua. Miye nami nilikuwa nimeshanyoosha mikono bila kujua. Niliirudisha nikaikunja kwapani, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Alijiinua tena, akarudi. Mara ya tatu alisimama. Alishika ukuta, akavuta pumzi, akaanza kuja upande wangu hatua moja moja, unyayo ukiburuza, jasho linamtoka puani, Rehema analia nyuma yake kwa hasira au kwa hofu, sijui. Alipofika mbele yangu akasimama, nikaona macho ya mama yake.

"Dada Tatu," nikasema, "nisamehe."

Mlango wa kwenda uani ulikuwa nyuma yangu, nami nilikuwa nimeuziba.

"Nipishe," akasema.

Nikampisha.